Baba Yake Babu Leung Alikuwa Akiiba

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Zhanxi, mjini Guangzhou, ghorofa ya tatu, kwenye kibanda cha viatu vya kiume, nikivutana bei na laobani, yaani mwenye duka, mmoja wa kike mwenye haraka zake. Ili kunionyesha kwamba ngozi yake ni ngozi kweli, alifungua kikopo cha mafuta, akachovya kitambaa, akasugua kiatu mbele ya uso wangu. Harufu ikapanda, nzito, tamu kidogo, kama nta iliyopashwa moto, na mimi nikasahau bei niliyokuwa nimeitaja. Yule mama akadhani nimekasirika, akapunguza. Nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni kwamba nitarudi. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi katikati ya wabeba mizigo na mikokoteni yao, nikiwa na miaka tisa tena.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka miaka ile mama zetu walipoanza kwenda China. Waliondoka na begi moja la mkononi, wakarudi na mabegi ya shangazi kaja yaliyozungushiwa selotepu kila upande. Wengi wenu mliachwa kwa bibi. Mimi bibi yangu alikuwa ametoka kuzikwa, na baba alikuwa na nyumba nyingine isiyokuwa na nafasi yangu, kwa hiyo mama alinichukua. Alisema ni miezi mitatu tu. Ikawa mwaka na nusu.

Tulikaa Liuhua, nyuma ya stesheni ya treni, kwenye chumba cha ghorofa ya nne tulichochangia na Anti Zuhura, mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuwa akinunua madera na mitandio. Asubuhi wote wawili walikwenda masokoni. Shule ya kwenda sikuwa nayo. Wiki ya kwanza nilifungiwa ndani na televisheni iliyosema Kichina kutwa nzima. Wiki ya pili mama alinishika mkono, tukashuka ngazi zote, akanisimamisha mbele ya mzee aliyekuwa na karakana yake ndogo chini ya ngazi za jengo.

Alikuwa mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo hadi kooni, miguu ndani ya kandambili. Maduka ya viatu yalimletea vile vilivyotoka kiwandani na kasoro, soli imeachia au mshono umekwenda upande, naye akavirekebisha. Mama alininyooshea kidole mimi, akanyooshea kigoda, kisha akaunganisha viganja kama anayeomba. Mzee akatutazama. Halafu akasema kwa Kiingereza, "Akae. Hakuna shida."

Mama nusura alie. Kumpata mtu wa kusema naye mahali pale ilikuwa kama kufunguliwa dirisha. Kiingereza cha mzee kilikuwa kimekatikakatika, lakini na changu kilikuwa cha darasa la tatu la shule ya Moshi, kwa hiyo tulilingana. Jina lake lilikuwa Leung. Mama alinifundisha niseme Babu Leung, na mzee akalipenda hilo neno "Babu" hata akawa analitumia mwenyewe. "Babu anakunywa chai," alikuwa akisema. "Babu amechoka." Mimi aliniita Aiga, kwa sababu Aika lilimshinda.

Juu ya rafu yake kulikuwa na bati la biskuti. Kila Jumatatu aliliteremsha, akatandaza gazeti magotini, akatoa glavu. Ilikuwa moja tu, ya ngozi ya kahawia iliyokolea, vidole vimevimba kama mkono uliong'atwa na nyuki. Akaipaka mafuta taratibu, kidole kimoja kimoja, mbele na nyuma. Mara ya kwanza nilipoiona nilijificha nyuma ya cherehani. Nilidhani ni mkono wa mtu.

Ndani ya bati kulikuwa pia na mpira mdogo mgumu wenye mshono mwekundu uliofifia, na picha moja. Kwenye picha alisimama kijana wa Kichina, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, suruali pana imeishia magotini, soksi ndefu, na begani ameweka gongo. Hakutabasamu.

"Baba yangu," Babu Leung alisema. "Kazi yake, mpira. Amerika. Wakati huo hata mimi sijazaliwa."

Nimeikusanya hadithi ile vipande vipande, kwa sababu aliitoa vipande vipande, kati ya soli moja na nyingine. Baba yake aliondoka kijijini, siku moja kwa miguu kutoka mjini Guangzhou, akiwa mtoto wa umri wangu. Alimfuata mjomba wake Hawaii, kwenye mashamba ya miwa. Huko, Jumapili, vijana wa Kichina walicheza besiboli kwenye uwanja wa vumbi, na yeye alikuwa na mbio kuliko wote. Alipokua, wakaunda timu, wakavuka bahari hadi Amerika yenyewe, wakazunguka na treni mji hadi mji wakicheza na yeyote aliyekubali kucheza nao. Wenzake waliporudi visiwani, yeye alibaki. Timu ya mji mmoja wa migodi ya makaa ya mawe ilimwajiri. Mpira ukawa mshahara wake.

"Wakampa jina lingine," Babu Leung aliniambia. "Wakaandika kwenye matangazo kwamba ni mtoto wa mfalme wa Hawaii. Mchina hawakutaka kumwona. Mtoto wa mfalme, sawa."

"Watu walimwamini?"

"Walimwona kwa macho. Wakavuta macho yao hivi." Alivuta pembe za macho yake kwa vidole vyenye gundi. "Kila siku. Alipokuwa akikimbia, walimwimbia habari za kufua nguo, kazi ya Wachina wengi kule."

Hotelini hakuruhusiwa kula mezani na wenzake. Alikula jikoni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na aliyempakulia alikuwa mpishi mweusi. Hapo Babu Leung alinyoosha kidole, akagusa mkono wangu.

"Rangi yako. Hii hii. Baba alisema yule mpishi alikuwa anacheza vizuri kuliko timu nzima. Baada ya kazi walitoka nyuma ya hoteli, akamfundisha baba namna ya kumsoma mrushaji wa mpira, kumtazama bega, kujua ataangalia wapi. Lakini yeye mpishi, hapana. Yeye hata mlango wa uwanja hakufunguliwa."

Nilijisikia nina jamaa kwenye hadithi ile. Tangu siku hiyo nilidai kusimuliwa kila asubuhi, na yeye, ambaye majirani walimjua kwa ukimya, akawa msemaji. Mchana, mikokoteni ilipopungua kwenye uchochoro, alinivalisha glavu, ikanifika karibu na kiwiko, akanirushia mpira polepole, akihesabu kwa lugha ya kwao. Nikiudaka alisema "Babu anafurahi." Nikiukosa, aliufuata mwenyewe hadi kwenye mfereji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku moja nilimuuliza kwa nini baba yake alipendwa na timu ikiwa watu walimzomea. Babu Leung aliweka nyundo chini. Macho yakamng'aa.

"Kwa sababu ya kuiba," alisema. "Baba aliiba. Hakuna aliyeiba kama yeye. Siku moja aliiba mara nne! Wanamtazama, wanajua ataiba, na bado anaiba. Kisha anakimbia nyumbani. Amefika salama. Watu wote wanasimama, wanapiga makofi."

Neno alilolitumia ni lile la Kiingereza tunalofundishwa shuleni, la kuchukua kitu kisicho chako. Sikujua kwamba lina maana nyingine. Mimi mwizi nilikuwa nimemwona mmoja tu maishani, pale sokoni kwetu, amezungukwa na wanaume na mawe, na mama akanifunika uso kwa khanga. Sasa huyu mzee mpole ananiambia kwa fahari kwamba baba yake alikuwa mwizi wa kulipwa, anaiba mchana kweupe mbele ya umati, kisha anakimbilia kwao. Nililitazama lile gongo kwenye picha, nikaelewa ni la nini.

Sikumchukia. Nilimhurumia. Niliona amenikabidhi siri ya aibu ya ukoo wao bila kujua kwamba ni aibu, na nikaamua kumtunzia. Niliitunza karibu mwezi mzima.

Kwenye hadithi, kilichofuata ni kwamba bahati ilimwangukia baba yake. Mtu wa timu kubwa, ya mji mkubwa, alikuja kwa treni kumtazama. Alikaa kwenye jukwaa siku tatu na daftari lake. Siku ya tatu alimwita baba yake pembeni, akamwambia ana miguu ambayo hajawahi kuiona.

"Halafu?" niliuliza.

Lakini mtu wa duka alikuwa amekuja kuchukua viatu vyake, amesimama anaangalia saa. "Kesho," Babu Leung alisema, na akafunika bati.

Kesho yake asubuhi pasipoti ya mama haikuonekana.

Mliowahi kukaa ugenini mnajua maana ya hilo. Tulikuwa tumebakiza siku tatu kusafiri, tiketi zimekatwa, mzigo uko ghala. Mama alipindua godoro. Alitoa nguo zote, akazikung'uta moja moja. Anti Zuhura alilala tumboni akimulika uvungu kwa simu. Kufika saa nne mama alikuwa ameketi sakafuni, mikono kichwani, anarudia, "Niliiweka. Naapa niliiweka mahali pazuri."

Anti Zuhura alijifunga mtandio upya. "Basi tutulie, Mama Aika. Tufikiri. Nani mwengine huingia humu ndani?"

"Hakuna."

"Yule mzee wa chini je? Siku ile alileta viatu hadi hapa mlangoni."

"Babu Leung? Hapana, Zuhura. Yule mzee si mtu wa hivyo."

Hapo nilisema. Sikumsema kwa ubaya. Nilitaka kusaidia, na pia, nikiri, nilitaka kutazamwa, maana tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amenitazama. Nilisema, "Baba yake alikuwa mwizi. Ameniambia mwenyewe. Alikuwa anaiba Amerika na kukimbia nyumbani."

Mama akanigeukia polepole.

"Amekuambia hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo. Alisema hakuna aliyeiba kama yeye. Na alikuwa anacheka."

Nikitazama nyuma, naona mama alikuwa mtu aliyekuwa akizama, na mimi ndiye niliyemtupia kamba. Alivaa viatu. Mwenye jengo akaitwa, naye akawaita askari, kwa kuwa pasipoti ya mgeni ikipotea lazima iandikishwe. Walikuja wawili, vijana, wenye adabu. Mwenye jengo akatafsiri. Sikuelewa alichosema, ila niliona kidole chake kikielekea chini ya ngazi.

Babu Leung alikuwa anagundisha soli. Alipoambiwa, hakubisha hata neno. Alisimama, akarudi nyuma hadi ukutani, akashusha mikono yake ubavuni na kuinamisha kichwa, haraka haraka, kama mtu anayejua pa kusimama. Majirani walikusanyika. Wakateremsha makopo ya gundi, wakavuta droo za misumari, wakainua mkeka. Kisha bati. Askari mmoja aliitoa glavu, akaingiza mkono, akafungua na kufunga vidole, akamcheka mwenzake. Picha ikaanguka kifudifudi kwenye vumbi la soli.

Babu Leung aliinua macho mara moja tu. Aliniona nimesimama kwenye ngazi ya tatu, nyuma ya sketi ya mama. Alinitazama kama anayetaka kuuliza kitu. Mimi nikaangalia miguu yangu.

Hawakupata chochote. Waliomba radhi, wakaandika karatasi zao, wakaondoka. Hakuna aliyerudisha vitu kwenye rafu.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili. Mchana karani wa ghala alipiga simu. Katoni moja ilizidi uzito, wakaifungua kuipunguza, na ndani ya boksi la viatu vya sampuli wamekuta pasipoti. Mama alikuwa ameificha humo mwenyewe, mahali pazuri, na wapakiaji wakaja wakachukua boksi pamoja na mengine.

Mama alicheka, kisha akalia, kisha akapiga magoti kando ya kitanda akashukuru Mungu. Nilimvuta nguo.

"Mama, twende tukamwambie Babu."

Aliacha kushukuru. Uso ulimbadilika. "Kesho, mwanangu. Nitanunua matunda niende vizuri. Siwezi kwenda hivi hivi."

Jumatatu alinunua machungwa. Tukashuka. Karakana ilikuwa imefunikwa turubai, kigoda kimepinduliwa juu yake. Tukarudi jioni, turubai bado. Jumanne tuliondoka kwenda uwanja wa Baiyun, na machungwa tukayala sisi wenyewe kwenye treni ya chini ya ardhi. Mama aliyamenya, akinipa kipande kimoja kimoja.

Ilinichukua miaka kumi na mitatu kujua nilichokifanya. Nilikuwa uwanja wa ndege, njiani, nasubiri kuunganisha ndege, na kwenye televisheni kulikuwa na mchezo wa besiboli. Mzee mmoja Mmarekani aliyekaa kando yangu aliona natazama sana, akaanza kunieleza kwa furaha. Ile mifuko iliyolazwa chini ni vituo. Mchezaji hukaa kituoni akisubiri. Lakini akiwa na mbio na moyo, anaweza kuchomoka mwenyewe kwenda kituo cha mbele wakati mrushaji hajageuka. "Tunaita kuiba," alisema. "Na kituo cha mwisho tunakiita nyumbani." Akanieleza pia neno "salama." Alipogeuka akanikuta nalia. Alishangaa. Aliniambia amewaona watu wengi wakilia kwa ajili ya besiboli, lakini wote walikuwa wanajua sheria zake.

Ndiyo maana mwezi uliopita, harufu ile iliponitoa sokoni, miguu ilinipeleka yenyewe nyuma ya stesheni. Nimekuja Guangzhou mara sita kununua viatu, na mara zote sita nimezunguka mbali na mtaa ule. Jengo limepakwa rangi. Chini ya ngazi wanachaji pikipiki za umeme. Nilimuuliza mlinzi habari za mzee Leung, akanielekeza duka la kamba na soli za ndani, pembeni kabisa ya uchochoro.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi. Nilimjua kwa namna alivyofunga vifungo hadi kooni. Ni Mei, binti yake, aliyekuwa akimletea supu ya samaki Jumapili. Alinikazia macho muda mrefu.

"Aiga," alisema.

Alinivutia kiti. Baba yake alifariki miaka minane iliyopita. Nilimweleza yote, kwa Kichina kibovu na mikono: neno la kuiba, nilivyomsema, ngazi ya tatu. Nilitarajia anifukuze. Alinisikiliza, halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Babu yangu alicheza mpira?"

Hakujua. Alijua glavu ilikuwa ya babu yake, basi. Alijua kwamba babu yake huyo alirudi nyumbani mara moja kuoa, akakaa hadi mwanawe alipofikia umri wa kuingia shule, akaondoka tena kutafuta riziki, vita vikaja, na akafia kwenye chumba cha kupanga ng'ambo ile bila ndugu. Alijua kwamba miaka mingi baadaye, kuwa na baba ng'ambo kulipokuwa kosa, watu waliingia nyumbani kwao wakapekua kila kitu, na baba yake alisimamishwa ukutani akiwa kijana. Barua zote bibi alizichoma jikoni. Kuanzia hapo baba yake hakuwasimulia watoto wake chochote, asije akawaponza.

"Alikusimulia wewe," Mei alisema.

Kwa hiyo nilimsimulia. Miwa, treni, mtoto wa mfalme, mpishi, siku aliyoiba mara nne. Wateja wawili walikuja akawaambia meiyou, hakuna, wakati kamba zinaning'inia mbele yao. Nilipofika kwa mtu wa timu kubwa na daftari lake, nikanyamaza.

"Walimchukua?"

"Sijui. Hakumaliza."

Alitikisa kichwa taratibu. Glavu, aliniambia, waliichoma pamoja na mwili wa baba yake. Kisha akainamisha uso, akawa anakunja kamba moja kidoleni na kuikunjua.

"Mama yako," alisema, "alipata pasipoti nyingine?"

"Nyingine?"

"Baba alikuwa akiitafuta. Mlipoondoka, alifungua turubai, akatoa kila kitu chini ya ngazi. Alisema labda mtoto alikuwa akiichezea akaidondosha kwake, na sasa mama wa mtoto atapata taabu. Aliinua hadi mawe ya mfereji. Kila akifagia aliangalia chini ya rafu. Hata hospitali aliniambia nikamtazamie tena nyuma ya cherehani."

Nikamwambia ilipatikana. Ilipatikana Jumapili ile ile.

Mei aliichomoa kamba kidoleni. Aliinuka, akavuta pazia la nyuma ya duka. Ukutani kulikuwa na rafu nyekundu yenye picha ya Babu Leung, shati limefungwa hadi kooni, na vijiti vya ubani ndani ya bilauri ya mchele. Akasogea pembeni kunipisha.

"Mwambie," alisema.

Mimi ni Mlutheri. Sikujua niiname au nisimame, wala mikono niiweke wapi. Nikamwambia kwa Kiingereza, kile kile chetu cha kukatikakatika, kwamba pasipoti ilipatikana Jumapili, ilikuwa kwenye boksi la viatu, na mama aliiweka humo mwenyewe.